Andaa Kiwanja Kabla Kontena Halijafika

Wengi wanaonunua kontena la futi 40 ili waligeuze nyumba huanza kuwaza rangi, madirisha na jiko. Nakusihi uanze na ardhi. Kontena likishatua, kulisogeza hata nusu mita ni kukodi kreni upya.

Hakikisha bikoni za kiwanja zinaonekana na kibali cha ujenzi kimetoka halmashauri. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba kontena si jengo kwa kuwa linabebeka. Ukishalitia maji, umeme na choo, ukalala humo, hiyo ni nyumba.

Kisha chukua futi kamba, utembee kwa miguu kutoka barabara kuu hadi kiwanjani. Kontena hilo lina urefu wa mita 12 na ushee, na lori linalolibeba ni refu zaidi, hivyo kona inayopitisha Fuso kila siku inaweza kulikwamisha. Tazama juu pia: nyaya za umeme, matawi ya miembe. Kreni nayo hutaka mahali pagumu pa kukanyagia miguu yake; kwenye kifusi kipya itadidimia. Mlete mwenye kreni aone eneo mapema.

Msingi ndio kazi yenyewe. Kontena tupu lina tani 4 hivi, uzito usiotisha, ila wote hushukia kwenye pembe nne. Kwa hiyo si lazima umwage jamvi zima. Mara nyingi nguzo fupi sita za zege zinatosha: nne za pembeni, mbili za katikati. Ukitaka kukata ubavu uweke mlango mpana wa vioo, ongeza nguzo chini ya hapo, kwa sababu bati lile lenye mikunjo ndilo linalozuia kontena lisipinde. Kama udongo ni mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, chimba uupite hadi ufikie ardhi ngumu. Ukiona hauishi, mwite mhandisi. Vichwa vya nguzo visawazishe kwa mpira wa maji, maana pembe moja ikiinama, fremu hujikunja na milango hugoma kufunga. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Limwagilie maji siku za mwanzo.

Acha angalau sentimita 30 kati ya ardhi na sakafu, hewa ipite na chuma kisile kutu. Mabomba ya maji taka yalazwe kabla, na mtaro uelekeze mvua mbali na nguzo. Ubavu mrefu uelekee kaskazini na kusini. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni litapiga ncha fupi tu.

Siku ya kushusha, pima usawa wa sakafu kabla kreni haijafungua minyororo. Ikibidi kuweka kipande cha chuma chini ya pembe mojawapo, kiwekwe wakati huo.