Kasoro ya Kiwandani au Jeraha la Mtaani?

Nina sarafu iliyofutika herufi mbili. Nitajuaje kama ilitoka kiwandani hivyo?

Jiulize kwanza mashine ingewezaje kufanya hivyo. Sarafu huanza ikiwa kisahani kitupu kilichokatwa kwenye bati la madini. Kisahani huinuliwa ukingo, huwekwa ndani ya pete ya chuma, kisha mihuri miwili hukigonga, mmoja juu na mwingine chini. Kasoro ya kweli huzaliwa katika hatua hizo. Sarafu ikikanyagwa na gari, ikiungua jalalani au ikigongwa nyundo, huo ni uharibifu, na mkusanyaji halipii uharibifu.

Sasa itazame yako. Pale palipofutika pakiwa na mikwaruzo, au pakiwa bapa na kung'aa kuliko sehemu jirani, kuna mtu au kitu kilichosugua. Muhuri uliozibwa na grisi huacha herufi hafifu au huimeza kabisa, lakini uso wa sarafu hubaki bila jeraha. Hata hiyo ya grisi ni ya kawaida, usitarajie makubwa.

Maandishi ya sarafu yangu yanaonekana mara mbili. Nimeambiwa ni mali.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sarafu inayotajwa sana ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, yenye sura ya Lincoln. Muhuri wake ulitengenezwa kwa kukandamizwa na kielelezo zaidi ya mara moja, na safari ya pili vilikuwa vimepishana kidogo. Kila senti iliyogongwa na muhuri ule ikatoka na mwaka na maandishi mawilimawili. Inakadiriwa zaidi ya 20,000 ziliingia mtaani. Chukua kioo cha kukuza: herufi ya pili ina kimo na mviringo kama ile ya kwanza, na kwenye ncha za herufi utaona kijipengo pale zinapoachana.

Isiyo na thamani ni tofauti kabisa. Muhuri uliolegea hucheza mara tu baada ya kugonga, ukailaza sehemu ya herufi pembeni. Inabaki ngazi bapa, inayong'aa, na herufi yenyewe imekonda kwa sababu kipande chake ndicho kilicholazwa. Ukiona herufi iliyokonda yenye ngazi pembeni, tumia sarafu yako dukani. Kuna pia muhuri uliochakaa, unaoacha kivuli kilichotawanyika bila mpaka. Zipo senti za mwaka huohuo wa 1955 ambazo 5 ya mwisho ina kivuli cha aina hiyo. Wauzaji hupenda kuzitaja pamoja na ile halisi, na bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Nina sarafu ya Kenya ya rangi mbili, katikati pametoka. Je, hiyo?

Karibu kila mara imetobolewa. Pete na kitovu chake hushikana kwa pigo lilelile linalochapa picha. Pete ikigongwa bila kitovu, madini yake husukumwa kuelekea kwenye uwazi, na mdomo wa tundu hupoteza unyoofu. Yako ikiwa na tundu la duara safi, huku picha na maandishi ya pete yakiwa kamili, kitovu kilikuwepo siku ya kugongwa.

Na iliyopungua kipande ukingoni?

Mkato wa kisahani ukipishana na tundu la kisahani kilichotangulia, kinatoka kama biskuti iliyoumwa. Usikague sehemu iliyopungua peke yake, kagua upande wa mkabala. Ukingo wa huko huwa hafifu, maana mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kukandamizia upande wenye pengo. Mwenye msumeno au tupa hukata sarafu ambayo ukingo wake umeshainuka, kwa hiyo udhaifu huo haupati.

Senti ya shaba ya 1943 hutambuliwaje?

Mwaka huo Marekani ilitumia chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Chache zilipigwa kwa bahati mbaya kwenye visahani vya shaba. Leta sumaku: ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponasa, pima uzito, ambao unatakiwa kuwa karibu gramu 3.11, si 2.7 ya chuma. Kisha kagua ile 3, kwani wapo wanaochonga 8 ya mwaka 1948.

Mzee alituachia heller 20 ya Tabora. Picha imekaa upande na ina mistari. Ni kasoro?

Hongereni kwa kuitunza. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari, wakaanza kujitengenezea sarafu Tabora: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima. Vifaa vilikuwa vya kubahatisha, na Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Kwa hiyo picha kukaa upande kidogo, au pigo kuwa hafifu, ni hali ya kawaida ya sarafu hizo na haiongezi bei sana. Wakusanyaji huangalia zaidi ukubwa wa taji, umbo la ncha za herufi L, na usafi wa uso.

Mistari ikague kwa ncha ya kucha. Muhuri ukipasuka, madini huingia kwenye ufa, na mstari hutokeza juu ya uso wa sarafu. Mkwaruzo huzama. Mstari unaotokeza ni wa Tabora, uliozama ni wa miaka iliyofuata. Na tafadhali msiisugue kwa ndimu na majivu. Rangi ile ya kahawia ikishaondoka hairudi, na bei huporomoka papo hapo.

Kuna mtu mtandaoni amesema atainunua, ila nitume kwanza ada ya usajili.

Usitume. Mnunuzi wa kweli atataka picha za pande zote mbili, uzito na kipenyo, kisha atataka kuishika mkononi kabla ya kutaja bei. Ada ya kumlipa ili anunue haipo katika biashara hii.