Manjano na hataza: nani mwenye dawa ya kidonda?

Katika jamii nyingi dawa ya kwanza ya ngozi haitoki dukani. Mtoto akiungua kidogo, watu hukata jani la mshubiri na kumpaka utomvu wake. Mwenye upele huogeshwa maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini. Wanawake wa pwani hujipaka manjano na liwa ili ngozi iwe laini. Maarifa haya tumeyapokea kutoka kwa mabibi na mababu, na wengi wetu hatujawahi kuuliza ni mali ya nani.

Siku hizi mafuta, sabuni na krimu za mimea zina soko kubwa duniani. Watafiti na makampuni wanatafuta mimea inayotibu, na wakiona yenye faida huomba hataza. Je, mtu anaweza kupewa haki ya peke yake juu ya dawa ambayo watu wameitumia kwa mamia ya miaka? Historia ya manjano inaonyesha kwamba jambo hili limewahi kutokea. Inaonyesha pia jinsi lilivyorekebishwa, na tunachoweza kujifunza.

Hataza ni nini?

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya kuomba. Mvumbuzi naye anatakiwa kueleza wazi jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuutumia.

Ili kupata hataza, uvumbuzi lazima utimize masharti matatu:

- Uwe mpya, yaani usiwe umejulikana kwa watu kabla ya siku ya ombi.
- Uwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingeifikia kwa urahisi.
- Uweze kutumika katika viwanda, kilimo au kazi nyingine.

Ni vizuri kukumbuka mambo mawili zaidi. Kwanza, hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Hataza ya Marekani haimzuii mama wa Tanga kumpaka mwanawe manjano, lakini inaweza kumzuia mfanyabiashara kuuza dawa hiyo Marekani. Pili, hataza si cheti cha usalama. Haithibitishi kwamba dawa inaponya au haina madhara. Hilo huamuliwa na mamlaka ya dawa ya kila nchi.

Mkasa wa manjano

Nchini India manjano ni kiungo cha chakula, ni rangi, na ni dawa. Unga wake hupakwa kwenye vidonda, michubuko na vipele. Kila nyumba inajua.

Mwezi Machi 1995, Ofisi ya Hataza ya Marekani ilitoa hataza namba 5,401,504 kwa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi. Wavumbuzi waliotajwa walikuwa watafiti wawili wenye asili ya India. Walichodai ni njia ya kuponya kidonda kwa kumpa mgonjwa unga wa manjano, ama kwa kumpaka au kwa kumnywesha. Hawakudai kemikali mpya wala njia mpya ya kukamua. Walidai unga wenyewe kwa kazi ileile iliyojulikana.

Ilikuwaje ofisi ikakubali? Wakati ule sheria ya Marekani ilihesabu matumizi ya ndani ya nchi hiyo, lakini kwa nchi za nje ilihesabu tu yale yaliyochapishwa au yaliyokwisha kupewa hataza. Mamilioni ya watu wangeweza kufanya jambo kila siku huko India, lakini kama halikuwa kwenye maandishi, kwa sheria hiyo lilikuwa kama halipo.

Mwaka 1996, Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India liliomba hataza hiyo ichunguzwe upya. Wanasayansi wake hawakwenda na maneno matupu. Walikusanya maandishi 32, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, katika lugha za Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi. Miongoni mwake ilikuwamo makala ya mwaka 1953 kutoka jarida la Chama cha Madaktari wa India. Mwaka 1997 ofisi ilikubali kwamba jambo lililodaiwa halikuwa jipya, na mwaka 1998 ilitoa hati rasmi ya kuyafuta madai yote.

Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi inayoendelea kuishinda hataza ya Marekani iliyojengwa juu ya maarifa yake ya jadi.

Mwarobaini: shahidi aliye hai

Mkasa wa pili ulihusu Ulaya. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Mwaka uliofuata hataza hiyo ilipingwa na mwanasayansi wa India Vandana Shiva, mbunge wa Ulaya Magda Aelvoet na shirikisho la kimataifa la kilimo hai.

Sheria ya Ulaya ilikuwa tofauti na ya Marekani. Ilihesabu maarifa yoyote yaliyokuwa wazi kwa watu mahali popote duniani, yawe yameandikwa, yamesemwa au yametumika. Kwa hiyo shahidi kutoka India, ambaye kiwanda chake kilitengeneza dawa ya mwarobaini kabla ya siku ya ombi, aliweza kusikilizwa. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Tangu ombi la kwanza la kuipinga hadi mwisho ilipita miaka 10. Kikundi kidogo cha kijijini kisingeweza kubeba mzigo huo peke yake.

Tuandike au tutunze siri?

Baada ya mikasa hii, mwaka 2001 India ilianza kujenga maktaba ya kompyuta ya tiba zake za jadi. Leo ina zaidi ya tiba 400,000 zilizotafsiriwa katika lugha tano za kimataifa, na wachunguzi wa hataza wa nchi mbalimbali wanaruhusiwa kuisoma kabla ya kuamua.

Wengi husema, "Basi na sisi tuandike kila kitu." Tusiharakishe. Kuandika na kuchapisha hadharani kuna faida na hasara:

Faida: jambo likishachapishwa, mtu mwingine hawezi kudai kuwa amelivumbua.

Hasara: likishachapishwa, kila mtu anaweza kulitumia bila kukulipa. Wewe mwenyewe pia hutaweza tena kuliombea hataza. Tena mtu anaweza kulisoma, akaongeza jambo jipya la kweli, kwa mfano njia bora ya kukamua mafuta, na akapewa hataza ya lile alilooongeza.

Kwa hiyo maarifa yanayojulikana na wote, kama manjano kwa vidonda, hayana cha kupoteza yakichapishwa. Lakini dawa inayojulikana na ukoo mmoja au mganga mmoja ni jambo jingine. Siri ikitoka hairudi. Dawa ya namna hiyo inaweza kuandikwa na kutunzwa kwenye sanduku la ukoo bila kuchapishwa, ili isipotee mzee akifariki.

Sheria zimeendelea

Tangu miaka hiyo mambo kadhaa yamebadilika. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka mtafiti apate ridhaa kabla ya kuchukua mmea au maarifa yanayoambatana nao, na faida igawanywe kwa haki. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizojiunga. Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Marekani nayo, tangu Machi 2013, inahesabu matumizi yaliyo wazi kwa watu popote duniani.

Mwezi Mei 2024 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilikubaliana juu ya mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje mmea au maarifa ya jadi aliyoyatumia yametoka wapi. Mkataba huo unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ndipo uanze kutumika.

Sheria hizi ni nzuri, lakini hazimsaidii mtu asiyejua kwamba zipo.

Kikundi chenu kinaweza kufanya nini?

1. Kaeni pamoja. Waiteni wazee, wakunga, waganga wa tiba asili na vijana. Orodhesheni mimea ya ngozi mnayoitumia. Tenganisheni inayojulikana na wote na ile ambayo ni siri ya familia. Mwenye siri asilazimishwe kuitoa.

2. Wekeni kumbukumbu. Andikeni jina la mmea kwa lugha yenu na, mkiweza, jina la kisayansi kwa msaada wa mtaalamu wa mimea. Andikeni sehemu inayotumika, inavyotayarishwa, inatibu nini na ina madhara gani. Wekeni tarehe na sahihi za mashahidi.

3. Mgeni akija kuuliza, mwulizeni kwanza. Ametumwa na nani? Ana kibali cha utafiti? Tanzania vibali hutolewa na COSTECH, na Kenya na NACOSTI. Sampuli zitapelekwa wapi? Matokeo yatakuwa mali ya nani? Jamii itapata nini?

4. Pataneni kwa maandishi kabla ya kutoa kitu. Mkataba uwe katika lugha mnayoielewa, na nakala moja ibaki kwenu. Msiweke sahihi siku hiyohiyo. Tafuteni mwanasheria au afisa wa serikali awasomee.

5. Kama mnataka kuuza sabuni au mafuta yenu, fikirini kinga inayowafaa. Hataza ina gharama za kuomba na ada za kila mwaka, na dawa ya zamani haitapewa. Kwa vikundi vingi jina zuri la bidhaa lililosajiliwa kama alama ya biashara ni rahisi zaidi na lina manufaa ya haraka. Kama kweli mmegundua njia mpya, msiieleze kwenye maonyesho wala redioni kabla ya kupeleka ombi.

6. Tunzeni mimea yenyewe. Mmea ukichimbwa wote ukaisha, haki juu yake haina maana. Pandeni vitalu.

Maswali ya kujadiliana

- Ni mimea gani ya ngozi inayotumika katika eneo lenu? Vijana wangapi wanaijua?
- Je, amewahi kuja mtafiti au mfanyabiashara kuuliza kuhusu mimea yenu? Aliondoka na nini, na aliwaachia nini?
- Kama India isingekuwa na maandishi yale 32, mkasa wa manjano ungeishaje? Sisi tuna ushahidi gani?
- Ni nani katika jamii yenu mwenye haki ya kusema "ndiyo" au "hapana" kwa niaba ya wote? Je, wanawake, ambao mara nyingi ndio wanaozijua dawa hizi, wanasikilizwa?
- Ni jambo gani moja mnaloweza kulianza kabla ya mwezi huu kwisha?