RAMSA WAKATI WA MSIBA: VITIMBI, LAFUDHI NA FARAJA YA MTAZAMAJI

Utangulizi

Tarehe 30 Desemba 2007, siku ambayo matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na runinga. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, lilichomwa moto huku watu waliokuwa wametafuta hifadhi wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu ya wakazi walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret na kuishi humo kwenye mahema. Kufikia wakati mkataba wa kugawana mamlaka ulipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini na mamia ya maelfu wamefurushwa makwao.

Ni vigumu kuwaza kitu kilicho mbali na hali hiyo kuliko kichekesho cha runinga. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba marufuku iliyotajwa ilihusu matangazo ya moja kwa moja. Mchezo uliokwisha kurekodiwa haukuguswa. Mwanafunzi wa fasihi ana haki ya kuuliza: je, ramsa ina kazi gani katika nyumba ambayo milango yake imefungwa kwa hofu? Makala hii inadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuangalia michezo miwili inayofahamika sana na watazamaji wa Kenya, yaani Vitimbi na Papa Shirandula. Hoja yake ni kwamba ramsa haimfariji mtu kwa kumsahaulisha dhiki. Humfariji kwa kumrudishia ujirani. Ujirani huo ukikosekana, kicheko kile kile huweza kuwa kidonda.

Ramsa na utani wa msibani

Katika nadharia za drama, ramsa hutofautishwa na tanzia kwa jinsi inavyomalizika. Mhusika wa tanzia hutenda kosa lisilorekebishika, ilhali mhusika wa ramsa hutenda kosa ambalo jamaa zake wanaweza kulimeza. Katika ramsa ya runinga sifa hii huongezewa nyingine, ambayo ni marudio. Juma hili mume atamdanganya mkewe, atafumaniwa na kuaibika. Juma lijalo atakuwa pale pale, hajafa, hajahama wala hajafukuzwa. Kwa mtu ambaye hajui kama jirani yake atarudi, huku kurudi kwa wahusika wale wale, katika chumba kile kile, si jambo dogo.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotolewa mwaka 1900, alisisitiza kwamba kicheko ni cha kundi. Mtu hucheka akiwa ndani ya jamii fulani, na aliye nje ya jamii hiyo haoni kinachochekesha. Wazo hili si geni kwa Waswahili na majirani zao. Nchini Tanzania, desturi ya utani huruhusu makabila kama Wazaramo na Wanyamwezi kutupiana maneno ambayo yangezua ugomvi kama yangetamkwa na mtu mwingine. Utani huo hufika hata matangani: mtani humwigiza marehemu, huwakejeli wafiwa, na waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka.

Mtani wa msibani hakatai kwamba kuna kifo. Mara nyingi yeye ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Kejeli yake inakubalika kwa sababu mbili: amekuja kusaidia, na siku msiba utakapokuwa wake, naye atataniwa. Masharti haya mawili, yaani kuwapo na kurudishiana, ndiyo yatakayotumiwa hapa kuipima ramsa ya runinga.

Ojwang' na swali la lafudhi

Vitimbi ni mchezo wa shirika la utangazaji la taifa, KBC, uliojulikana kwa miongo kadhaa. Mhimili wake ulikuwa Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, pamoja na mkewe, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Ojwang' alizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, na kwa ufasaha uliowafanya watazamaji wengi waamini kwamba mwigizaji mwenyewe ni Mjaluo.

Jambo hili huonekana dogo hadi linapowekwa kando ya matukio ya Januari 2008. Katika Bonde la Ufa, vijana walioweka vizuizi barabarani waliwataka wasafiri watoe vitambulisho ili majina yafichue makabila yao. Wakikuyu walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa zaidi pande za Eldoret. Mwishoni mwa mwezi huo, Wajaluo walishambuliwa mjini Naivasha kwa kulipiza kisasi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa cha Waefraimu katika kitabu cha Waamuzi, waliouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja kama wenyeji. Palipo na chuki, ulimi ni kitambulisho tosha.

Je, Mkikuyu anayeigiza lafudhi ya Kijaluo huwa anajenga au anabomoa? Jibu limo katika kile kinachochekwa. Kitimbi cha Ojwang' kwa kawaida huanza na hila yake mwenyewe: tamaa ya fedha, uvivu, au siri anayojaribu kumficha Mama Kayai. Hila hiyo humrudia. Mtazamaji anacheka kwa sababu anaitambua tamaa hiyo nyumbani kwake, awe Mnandi, Mluhya au Mgusii. Lafudhi inamtia mhusika uhai, lakini si kosa analoadhibiwa kwalo. Tena, Wanjau aliivaa lafudhi hiyo kwa miaka mingi, kwa upendo unaosikika, hata wenye lafudhi wakamkubali kuwa wao.

Hata hivyo, haifai kuipamba ramsa kupita kiasi. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutunga usaha. Michezo mingi ya Kenya imeyagawia makabila tabia na kazi, huyu akawa mchoyo na yule mjinga, na mazoea hayo yanaweza kumwandaa mtazamaji kumwona jirani yake kama kichekesho tu. Isitoshe, faraja ya runinga haikuwafikia wote kwa usawa. Nyumba zilizochomwa zilikuwa na viti, vitanda na runinga ndani yake. Aliyelala hemani alihitaji kwanza blanketi, maji na usalama. Ramsa haiwezi kufanya kazi ya haki.

Papa Shirandula na tauni ya 2020

Mchezo wa Papa Shirandula ulianza kuonyeshwa katika runinga ya Citizen mwaka 2007. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko, ni bawabu anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi yake halisi. Wilbroda aliigizwa na Jacqueline Nyaminde. Dhana kwamba Mluhya ndiye bawabu ni kejeli ya zamani nchini Kenya. Lakini hapa mwigizaji, ambaye asili yake ni Busia, anaitumia kejeli hiyo juu ya watu wake mwenyewe. Huku ni kujitania. Tena, chini ya kicheko kuna uchungu unaofahamika: mume anaona aibu kwa kazi halali kwa kuwa jamii imeidharau. Uongo wa Papa unachekesha kwa sababu mtazamaji anajua unakotoka.

Mnamo tarehe 13 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini Kenya. Shule na vyuo vilifungwa, na kuanzia tarehe 27 Machi wananchi walitakiwa kuwa majumbani kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mara nyingine, milango ilifungwa jioni na runinga ikabaki kuwa dirisha. Safari hii jirani aliogopwa kwa pumzi yake. Kisha, tarehe 18 Julai 2020, Bukeko akafariki kutokana na ugonjwa huo huo.

Kifo hiki kinalijaribu wazo la marudio lililotajwa awali. Ramsa ilikuwa imeahidi kwamba Papa atarudi juma lijalo. Hakurudi. Hata hivyo, mikanda yake imeendelea kutazamwa, na anayeitazama anacheka akijua. Hapo ramsa inaukaribia zaidi utani wa msibani: kifo kinajulikana, hakuna anayekikana, na bado watu wanacheka pamoja. Mwigizaji huyo hakuwafariji watu akiwa nje ya msiba wao. Alikuwa ndani yake, kama mtani mwenye jembe.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba faraja ya ramsa ina masharti. Kwanza, kinachochekwa kiwe kosa la kibinadamu ambalo mtazamaji anaweza kulikiri, si asili ya mtu. Pili, anayecheka awe tayari kuchekwa. Vitimbi na Papa Shirandula zilitimiza masharti haya kwa njia tofauti: Wanjau kwa kuvuka mpaka wa lugha na kupokewa upande wa pili, Bukeko kwa kujigeuzia kejeli mwenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili mjini Eldoret wana nafasi ya pekee ya kuuendeleza utafiti huu, kwa kuwa watazamaji waliopitia Januari 2008 ni majirani zao. Hatua ya kwanza ni rahisi: kuketi na wazee hao mbele ya kipindi kimoja cha Ojwang', kuandika wanapocheka na wanaponyamaza, kisha kuwauliza sababu. Huenda pale wanaponyamaza ndipo pakawa na mengi zaidi ya kuandika.