Uzuri wa Nyumbani

Watu wengi hudhani kwamba uzuri wa nyumba hununuliwa dukani, na kwamba mtu asiye na fedha hana budi kukaa katika nyumba isiyopendeza. Sivyo. Kitu cha nyumbani huwa kizuri kwa sababu mbili: kwanza, chafaa kwa kazi yake, pili, aliyekitengeneza hakukiacha mpaka alipokimaliza vema. Mambo haya mawili hayauzwi. Hutoka katika macho yaangaliayo na mikono isiyo mivivu.

Zuzu iko upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, kando ya Reli ya Kati ya zamani, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Nchi ni kavu. Mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kadiri ya milimita 550 hadi 600 tu. Miezi mingine ni jua na upepo. Msafiri apitaye kwa gari la moshi wakati wa kiangazi huona vumbi jekundu, mibuyu isiyo na majani na vichaka vya miiba, akasema moyoni kwamba hapa hapana uzuri. Asema hivyo kwa kuwa hajaingia uani mwa watu.

Wagogo wa zamani walijenga tembe. Tembe ni nyumba ndefu isiyo na kimo kirefu, yenye kuta za miti iliyokandikwa udongo, na paa bapa la miti, matawi na udongo. Vyumba viliungana kuuzunguka ua, na ng'ombe walilala humo uani. Nyumba hiyo haikuhitaji nyasi ndefu wala misumari, basi iliwafaa watu wa nchi ya upepo na miti mifupi. Tena juu ya paa lake walianika nafaka na mboga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Operesheni Dodoma, watu walihamia vijiji vya ujamaa, na tembe zikapungua. Siku hizi wengi hukaa katika nyumba za matofali na mabati. Lakini iwe ya udongo au ya matofali, nyumba haijitunzi yenyewe.

Tuanze na sakafu ya udongo. Mama aijuaye kazi huchimba udongo mzuri, akauponda, akauchekecha, akauchanganya na samadi mbichi ya ng'ombe na maji kidogo. Kisha husiliba kwa kiganja, akirudi nyuma polepole kuelekea mlangoni. Sakafu ikikauka, alama za kiganja chake huonekana zimepangana kama manyoya ya bawa la ndege. Mgeni aingiapo huisifu sakafu hiyo, wala pengine hajui kwamba uzuri huo ni ulinzi pia.

Katika nyufa za sakafu na kuta hukaa papasi. Mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya damu ya watu waliolala. Papasi huweza kuleta homa ambayo humshika mtu, ikamwacha, kisha ikarudi tena baada ya siku kadhaa. Homa hiyo ni hatari hasa kwa wanawake wajawazito na watoto wachanga, na mgonjwa yapasa apelekwe hospitali upesi. Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, aliichunguza homa hii katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akawakuta papasi katika udongo wa vibanda vya kando ya njia za misafara. Sakafu laini haiwamalizi papasi wote, lakini huwanyima maficho. Ndiyo maana mama mwangalifu hangoji ufa ukue. Wazee wetu walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tutazame na kibuyu. Kwanza hupandwa, kikakua, kikakomaa, kikaanikwa mpaka kikawa kikavu. Ndipo hukatwa mdomo, mbegu zikatolewa, na ndani kikasuguliwa na kusuuzwa mara nyingi mpaka uchungu uishe. Kibuyu kilichotengenezwa vizuri hushikika vema mkononi, hakimwagi maziwa, na kwa kushikwa siku zote hung'aa rangi ya asali. Kikipasuka, mvivu hukitupa. Mwenye bidii hutoboa matundu madogo pande mbili za ufa, akakishona kwa uzi imara, mishono yote ya urefu mmoja. Mshono ule huwa pambo, na mtu akiutazama hujua kwamba nyumba hii hutunza vitu vyake.

Pengine mtu atasema, "Maji yako mbali, tutapataje maji ya kupamba nyumba?" Neno hili ni la kweli, wala si haki kumwongezea mama ndoo nyingine kichwani kwa ajili ya maua. Lakini maji yaliyosafisha mboga yaweza kumwagwa penye shina la mpapai karibu na mlango. Hayo yangalipotea bure, nao mti huleta kivuli, matunda na majani mabichi machoni wakati nchi yote ni vumbi.

Wala kazi hii si ya wanawake peke yao. Tembe za zamani hazikuwa na madirisha, na moshi uliwaumiza macho waliokaa ndani. Kijana wa kiume aweza kutoboa dirisha, kutengeneza kichanja cha vyombo, kupanda ua wa minyaa, na kuchimba choo. Mvulana akaaye kivulini akimtazama dada yake anavyofagia, hajajifunza bado maana ya nyumba.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Waisraeli walipokuwa jangwani, katika nchi kavu kuliko hii. Hawakuwa na nyumba za mawe, walikaa hemani. Hata hivyo hapo ndipo Mungu alipomjaza Bezaleli hekima ya mikono, na wanawake wakasokota nyuzi na singa za mbuzi kwa ajili ya hema takatifu. Basi kazi nzuri ya mikono haikungoja nchi ya neema.

Mwanafunzi arudipo kwao likizo, asiidharau nyumba ya wazazi wake kwa sababu haina viti vya dukani. Kwanza aulize udongo mzuri huchimbwa wapi, akauchukue. Kisha amwombe mama yake amfundishe kusiliba. Mara ya kwanza mkono wake utaacha mabonde na vilima. Afute, aanze tena.

Maswali

1. Kitu cha nyumbani huwa kizuri kwa sababu zipi mbili?
2. Kwa nini tembe liliwafaa watu wa Ugogo?
3. Eleza jinsi sakafu ya udongo inavyosilibwa. Kazi hiyo yasaidiaje afya?
4. Kibuyu kilichopasuka hutengenezwaje?
5. Taja kazi tatu ambazo mvulana aweza kuzifanya ili nyumba yao ipendeze. Wewe utaanza na ipi?