Somo la Afya: Kwa nini homa ya matumbo hurudi?



Je, umewahi kunywa dawa ya homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi, ukapata nafuu, ukaacha dawa, kisha baada ya wiki mbili homa ikarudi? Wengine husema wamerogwa, wengine husema dawa ilikuwa mbovu. Leo tujifunze sababu nyingine: kijidudu cha ugonjwa huu kinajua kujificha.

Mimi ninajitolea kutoa mafunzo ya afya hapa Bwaise, Kampala. Bwaise ni bondeni. Mvua ikinyesha sana, mtaro wa Lubigi hujaa, maji huingia ndani ya nyumba na vyoo vya shimo hufurika. Uchafu huo ukifika kwenye maji ya kunywa, tunameza vijidudu. Mwaka 2015 taifodi ilienea Kampala, na maji machafu yalichangia sana. Nanyi kambini mnachangia vyoo na bomba la maji, kwa hiyo somo hili ni letu sote.

KINAJIFICHAJE?

Mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Baadhi yao humeza vijidudu na kuviyeyusha. Lakini kijidudu cha taifodi, Salmonella Typhi, kina hila tatu:

1. Huvaa koti. Hujifunika utando wa sukari, askari wasikitambue upesi. Mtu anaweza kukaa wiki moja au mbili nacho kabla ya kuanza kuumwa.

2. Huishi ndani ya askari. Kikishamezwa, hukataa kuyeyushwa. Huzaana humohumo na kubebwa hadi kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Ni kama mwizi aliyejificha ndani ya gari la polisi.

3. Hukaa kwenye kifuko cha nyongo. Watu wachache waliopona hubaki nacho hata miaka mingi. Hawaumwi, lakini hukitoa kwa choo kikubwa. Mwaka 1907 huko New York, Marekani, mpishi Mary Mallon alikutwa nacho. Yeye alikuwa mzima, lakini watu wa nyumba alizopika waliugua.

TUFANYE NINI?

• Maliza dozi yote, hata ukijisikia mzima siku ya nne. Homa kushuka maana yake vijidudu vimepungua, siyo kwamba vimekwisha.
• Usimwekee jirani vidonge vilivyobaki. Wewe hutapona vizuri, na yeye pia hatapona.
• Ukipata homa, au ikirudi, nenda kituo cha afya. Upimwe na malaria pia.
• Tumbo likiuma sana ghafla, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri asubuhi. Utumbo unaweza kutoboka, na mgonjwa akafa.
• Chemsha maji ya kunywa. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika, hata kama huumwi. Kumbuka yule mpishi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini mtu mzima kabisa anaweza kuwaambukiza wengine taifodi?
2. Je, kuna vidonge vilivyobaki nyumbani kwako? Viliachwa kwa sababu gani?

Msomee na jirani asiyejua kusoma. Afya yake ni afya yako.