Paa la Asbesto: Kuwafundisha Watoto Kutazama Bila Kugusa

Katika makala hii tunakusudia kumwelekeza mwanachuo namna ya kufundisha jambo ambalo huenda akalikuta juu ya kichwa chake siku ya kwanza ya kazi.

Huko Nguvumali, kama kwingineko mjini Tanga, upepo wa bahari huja na chumvi, nayo chumvi hula chuma. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mabati ya asbesto yapendwe zamani. Watu huyaita mabati, lakini ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Hayashiki kutu wala hayaungui. Baadhi ya majengo ya umma nchini, shule zikiwamo, yangali yameezekwa kwayo.

Bati zima lililotulia halina hatari kubwa. Hatari huanza linapovunjika, kutobolewa, kukatwa au kusuguliwa. Hapo nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho huruka, huvutwa kwa pumzi na kubaki mapafuni. Mwaka 1960, Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu huko Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji wa asbesto; waliishi tu karibu na machimbo. Ugonjwa huu waweza kujificha miaka 20 hadi 40, au zaidi. Basi mtoto avutaye vumbi hilo leo huenda akaugua akiwa mtu mzima.

Tangu mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea imewazoesha wanafunzi kufagia, kulima na kukarabati shule yao. Desturi hiyo ni njema, lakini hapa hatuna budi kuiwekea mpaka: watoto wasiokote vipande vya paa hilo, wasivifagie, wala wasivipeleke nyumbani kujengea banda la kuku.

Somo la Darasa la Sita

Shabaha: Mwanafunzi aweze kutambua paa linaloshukiwa na kutoa taarifa bila kuligusa.

Zana: Unga wa mahindi, maji, ufagio, karatasi. Kipande cha asbesto kisitumiwe kamwe kuwa zana.

Hatua ya kwanza: Funga madirisha, acha mwale mmoja wa jua. Fagia unga mkavu kidogo, watoto watazame vumbi likielea katika mwale. Kisha nyunyiza maji na ufagie tena. Waulize: kwa nini sasa vumbi limepungua?

Hatua ya pili: Wachore ramani ya shule. Wakiwa mbali, waonyeshe mapaa ya kijivu, manene, yasiyo na kutu, na waandike: zima, limepasuka, au limevunjika. Waeleze kwamba macho hayatoshi kuthibitisha. Hilo ni kazi ya maabara. Mpaka hapo, paa lihesabiwe kuwa la asbesto.

Hatua ya tatu: Eleza uondoaji. Kazi hii hufanywa na mafundi waliofunzwa, wakati wanafunzi hawapo. Huvaa barakoa zenye vichujio maalumu, kwani kitambaa hakizuii nyuzi hizo. Hulowesha mabati, huyafungua bila kuyavunja, huyashusha taratibu, huyafunga katika plastiki nzito na kuyazika mahali palipoidhinishwa. Hayachomwi, wala hayatupwi jalalani.

Wajibu wa mwalimu

Pengine fedha za kuezeka upya hazitapatikana mwaka huo. Hata hivyo mwalimu hana udhuru wa kukaa kimya. Afunge chumba kilichoharibika, azungushe uzio penye vipande, na pamoja na Mwalimu Mkuu apeleke ramani na barua kwa Halmashauri. Taasisi ya taifa inayosimamia mazingira na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ndio wa kuombwa mwongozo.

Maswali ya kujadili

1. Mzazi fundi ajitolea kuondoa paa hilo bure siku ya Jumamosi. Utamjibuje?
2. Ni kazi zipi za usafi utakazozibadili katika shule yenye paa la namna hii?