Sura za Makaisari Juu ya Fedha za Shaba

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Warumi wa kale, ila si wengi wajuao ya kwamba Makaisari wao walisema na raia kwa njia ya fedha za shaba. Dola yao ilienea tangu Uingereza hata Misri, na walio wengi hawakujua kusoma. Lakini ni nani asiyeshika fedha sokoni?

Augustus alipotengeneza upya hesabu ya fedha, yapata mwaka 23 kabla ya Kristo, fedha kubwa ya shaba iliitwa sestertius. 4 zilikuwa sawa na denarius 1. Shaba yake ilichanganywa na zinki ikang'aa manjano, karibu na dhahabu. Fundi aliweka kipande cha madini juu ya muhuri uliokazwa katika fuawe, akashika muhuri wa pili juu yake, akapiga nyundo. Basi kichwa cha Kaisari kilitokea upande mmoja, na upande wa pili picha.

Picha hizo ndizo za kutazamwa sana. Nero alichapa hekalu la Janus, milango imefungwa, maana desturi ilikuwa kuifunga wakati wa amani tu. Hadrian alichapa Afrika, yaani nchi za kaskazini, kwa mfano wa mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, ameshika nge.

Lakini iliyo nzito kuliko zote ni ya Vespasian. Yerusalemu uliharibiwa mwaka 70. Mwaka wa pili yake ikatoka sestertius yenye mwanamke ameketi chini ya mtende, ameinama kwa huzuni, na maneno IVDAEA CAPTA, maana yake Uyahudi umetekwa. Mrumi aliona ushindi. Je, Myahudi aliyekaa Rumi, akirudishiwa fedha ile sokoni kuwa baki yake, aliona nini? Naye kodi aliyokuwa akiitoa zamani kwa Hekalu lake, sasa alitozwa kwa ajili ya hekalu la Jupiter.

Hata Makaisari wenyewe hawakusalimika. Caligula aliuawa mwaka 41, na miaka miwili baadaye Baraza la Wazee liliamuru fedha za shaba zenye sura yake ziyeyushwe. Amri haikuzimaliza. Nyingi zingaliko hata leo, na katika baadhi yake mtu amekwangua herufi C, iliyo mwanzo wa jina lake, akakiacha kichwa kama kilivyo.